Vyakula vya kawaida vya supamaketi ambavyo tayari ni vigani: jinsi ya kununua hapa Mombasa

Hapa Mombasa mtu akisema amekua vigani, yani hali nyama, samaki, mayai, maziwa, samli wala asali, swali la kwanza ataulizwa ni "sasa utakula nini?" na la pili ni bei, manake watu washaziona zile pakiti za maziwa ya lozi na baga za mimea kule Nyali na bei zake za kutisha. Mimi nasema hivi, zile pakiti ziache hapo hapo zilipo. Supamaketi hizi hizi tunazoingia kila mwisho wa mwezi, iwe Naivas, Quickmart, Carrefour ama ile ndogo ya mtaani kwenu, zimejaa vyakula visivyo na kitu chochote cha mnyama na wala havijaandikwa popote kwamba ni vya vigani. Kazi ni kuvijua. Na kinachowaponza watu si nyama, nyama waiona kwa macho, kinachowaponza ni maziwa ya unga na samli zilizoingizwa mahali ambapo hukuzitarajia, kwa hivyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni hiyo.

Hatua ya 1: Anza na kabati lako kabla hujatoka nyumbani

Fungua kabati la jikoni uangalie vilivyomo. Mchele, unga wa ngano, unga wa sima, sukari, chumvi, majani ya chai, pojo, mbaazi, maharagwe, tambi, nyanya ya kopo, bizari, ukwaju, mafuta ya kupikia. Hivo vyote viko sawa. Halafu kaa chini uandike vyakula ambavyo tayari wapika na havina kitu cha mnyama, utashangaa orodha itakavyokua ndefu kwa mtu wa Pwani: wali wa nazi, mchicha wa nazi, maharagwe ya nazi, mbaazi, pojo, muhogo wa nazi, mabenda na biringani za kupaka badala ya samaki, bajia za kunde, viazi karai na ukwaju wake, kachumbari, sima na sukuma. Sisi nazi ndo maziwa yetu ya kupikia tangu zamani, mwenzetu wa bara akiacha maziwa na siagi atahangaika zaidi kuliko sisi.

Hiyo karatasi ndo orodha yako ya kwenda dukani. Nunua vitu vya kupikia vyakula unavyovijua, usinunue chakula kigeni wiki ya kwanza, utakichoka na pesa ishaenda.

Hatua ya 2: Jifunze kusoma lebo, na hapa usiharakishe

Pakiti nyingi huku kwetu zimeandikwa kwa Kiingereza, na viambato vimepangwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo. Geuza pakiti, tafuta neno "ingredients", lakini kabla hujasoma mstari kwa mstari angalia chini yake kama kuna "contains", hapo ndo wanapoandika vitu vinavyowadhuru watu wenye aleji, na maziwa na mayai yamo kwenye orodha hiyo. Ukiona "contains milk" rudisha, umemaliza kazi kwa sekunde mbili. Ikiwa wameandika "may contain milk" hilo ni jambo lingine, maana yake ni kwamba kiwandani mitambo hiyo hiyo hutengeneza vitu vya maziwa na yaweza kua chembe zimepita. Hilo ni onyo kwa mwenye aleji, maziwa yenyewe hayakutiwa kwenye chakula. Vigani wengi hula, lakini kama mtoto wako ana aleji ya maziwa usithubutu.

Sasa maneno ya kushika kichwani. Maziwa hujificha kwa majina ya "milk solids", "whey", "casein", "caseinate", "lactose", "butterfat" na "ghee". Mayai huja kama "albumen". "Gelatine" ni ya mifupa na ngozi za wanyama. Kuna pia zile namba za E: E120 ni rangi nyekundu inayotokana na wadudu, E441 ni gelatine hiyo hiyo, E901 ni nta ya nyuki, E904 ni ule mng'aro wa peremende ambao hutoka kwa wadudu. E322 ni lekithini, mara nyingi ya soya, hiyo isikutie wasiwasi. E471 yaweza kua ya mimea ama ya mnyama, lebo nyingi hazisemi, hapo ni wewe na msimamo wako.

Chukua mfano pakiti ya krisps za mbatata. Ile ya chumvi tupu imeandikwa mbatata, mafuta, chumvi, basi. Ya pilipili na ndimu mara nyingi iko sawa lakini soma. Ya jibini unajua mwenyewe. Lakini ile ya siki, "salt and vinegar", ambayo mtu yeyote angeichukua bila kufikiri, baadhi zina "lactose" ama "whey powder" ndani ya ule unga wa ladha, manake watengenezaji huutumia kushikisha ladha. Mbatata, mafuta, siki, halafu maziwa. Ndo maana nikasema nyama si shida.

Na kuna hii ya unga wa kutia kwenye kahawa, imeandikwa mbele kwa herufi kubwa "non-dairy", mtu anaichukua kwa furaha, ukigeuza nyuma nyingi zina "sodium caseinate" ambayo ni protini ya maziwa. Usiamini mbele ya pakiti, amini nyuma.

Alama nazo zasaidia kama wazijua mipaka yake. Halali tumeizoea, na kwa mambo ya gelatine Waislamu wa hapa tayari ni mabingwa wa kugeuza pakiti, lakini halali haimaanishi vigani, kuku ni halali, maziwa ni halali, na gelatine ya ng'ombe aliyechinjwa vizuri ni halali pia. Kwenye shelfu za vyakula kutoka India utaona mraba mdogo wenye doti ya kijani ndani yake, hiyo yaonyesha hakuna nyama wala samaki wala yai, lakini maziwa na samli zaruhusiwa, kwa hivyo doti ya kijani yakupunguzia kazi tu, haikumalizii. Ni kama vile mahoteli ya Wahindi ya mboga hapa mjini, nyama hakuna kabisa na nawapenda kwa hilo, lakini samli na mtindi ziko kila mahali, lazima uulize. Tangu 2022 India wana kanuni zao za vyakula vya vigani na alama yake, herufi V ya kijani yenye jani. Kutoka Uingereza waeza kuona ua la alizeti la Vegan Society, chama kilichoanzishwa 1944. Ukiiona moja ya hizo mbili za mwisho huna haja ya kusoma zaidi, lakini kwa vyakula vya kila siku hutoziona sana.

Hatua ya 3: Nenda moja kwa moja kwenye kunde na nafaka

Hapa ndo utakapotumia pesa nyingi na ndo inavyotakiwa, manake hapa ndo protini yako iko. Mbaazi, pojo, maharagwe ya kila rangi, kunde, dengu, adesi, njugu mawe, vikiwa vikavu vina kama gramu 20 hadi 25 za protini kwa kila gramu 100. Linganisha bei ya kilo ya pojo na kilo ya nyama halafu uniambie nani anasema uvigani ni wa matajiri. Nunua aina mbili tatu tofauti usizichoke, na usinunue mzigo wa miezi sita, kwa joto na unyevu wetu wa Mombasa wadudu huingia kwenye kunde haraka sana, zihifadhi kwenye chupa ama mkebe wenye kifuniko kinachokaza.

Kama huna muda wa kuroweka, za kopo zipo. Maharagwe ya kopo ya sosi ya nyanya, dengu za kopo, mahindi ya kopo, mara nyingi zote ziko sawa. Angalia tu yasiwe yale yenye soseji ndani. Zile zisizo na sosi zioshe na maji, zina chumvi nyingi.

Halafu kuna soya chanks, wengine wanaziita nyama ya soya, zile kavu zilizo kama sponji. Karibu nusu ya uzito wake ni protini na pakiti moja hulisha familia. Watu huzichukia kwa sababu ya mapishi, wazitia kwenye mchuzi zikiwa kavu, zikawa hazina ladha. Ziroweke kwa maji ya moto yenye chumvi dakika kumi hivi, zikamue sana mpaka maji yote yatoke, zikamue tena, halafu zikaange na kitunguu thomu, tangawizi na bizari ya pilau mpaka ziwe na rangi, ndo utie nyanya. Ukizitia kwenye pilau namna hiyo hakuna atakayenuna. Lakini chagua zile tupu, zile zenye ladha tayari soma kwanza.

Tambi na spageti kavu ni unga wa ngano na maji tu, ila zile zilizoandikwa "egg noodles". Indomie na wenzake, ngano yenyewe haina neno, shida ni kile kipakiti cha ladha, kama ni ya kuku ama ng'ombe kiache utie viungo vyako mwenyewe. Unga wa uji uchunguze, ule wa kuchanganywa wa watoto mwengine una omena ndani, na si jambo baya kwa anayekula omena ila wewe huli.

Na kwa sababu nimetaja mbaazi, acha niiseme hapa namna ya kuzipika na tui la pakiti, manake si kila mtu ana muda wa kukuna nazi asubuhi. Vikombe viwili vya mbaazi kavu ziroweke usiku kucha, maji hayo ya kurowekea mwaga, zichemshe na maji mapya mpaka ziwe laini, presha kuka yakuokolea gesi nyingi. Tia kitunguu maji kilichokatwa, pilipili mbichi mbili, kijiko kidogo cha bizari ya manjano na chumvi. Tui la pakiti la mililita 200 ligawe nusu, nusu moja lichanganye na kikombe cha maji, hilo ndo tui lako jepesi, litie kwanza lichemke na mbaazi kwa moto mdogo mpaka lipungue. Nusu iliyobaki ndo tui zito, litie mwisho, na hapo usifunike wala usiondoke, koroga pole pole mpaka lianze kufukuta, ukiliacha litakatika. Zima. Zikikaa kidogo zashikana, ndo utamu wake.

Hatua ya 4: Tui na maziwa ya mimea

Kuna mtego kwenye shelfu hii ambao watu wa Pwani hasa ndo hunaswa. Tui la kopo na la boksi mara nyingi ni nazi, maji na vitu vya kulizuia lisitengane, hilo liko sawa. Lakini tui la unga, lile la kipakiti unachanganya na maji, aina nyingi zina "sodium caseinate", protini ya maziwa ya ng'ombe, hutiwa ili unga uyeyuke vizuri. Yani mtu anaacha maziwa, anapika wali wa nazi kwa moyo safi, kumbe mna maziwa ndani. Soma kila mara, zipo chache ambazo hazina. Na kama karibu nawe kuna mtu anauza nazi, nunua nazi, hakuna lebo ya kusoma.

Maziwa ya soya, lozi na oti yapo kwenye supamaketi kubwa, na bei ni mara kadhaa ya maziwa ya ng'ombe. Kama ni ya chai tu mimi naona si lazima, chai ya rangi yenye tangawizi, mdalasini na hiliki haihitaji kitu. Lakini kama una mtoto anayekua ama huli kunde vya kutosha, ya soya ndo yenye protini ya kukaribia maziwa, ya lozi nyingi ni kama maji tu. Chagua iliyoandikwa imeongezwa kalsiamu na vitamini B12, na utikise boksi kabla ya kumimina, kalsiamu hukaa chini.

Hatua ya 5: Mafuta, majarini na samli

Mafuta ya maji ya kupikia, ya mahindi, alizeti, mawese, soya, yote ni ya mimea. Zile Fresh Fri na Salit zatengenezwa na Pwani Oil wa huku huku kwetu. Watu huniuliza sana kuhusu Kimbo na Cowboy, ati kwa sababu ni nyeupe na zimeganda basi ni mafuta ya mnyama. Hapana, ni mafuta ya mimea yaliyogandishwa. Kama ni nzuri kwa moyo hilo ni swali lingine, mimi napendelea ya maji, lakini vigani ni vigani.

Majarini ndo ya kusoma. Nyingine ni mafuta ya mimea matupu, nyingine wametia "whey" ama maziwa ya unga kidogo kwa ajili ya ladha, na mbili zaeza kukaa pamoja shelfu moja mikebe yafanana. Samli nayo iko ya aina mbili, ya ng'ombe na ya mimea, ile ya mimea huandikwa "vegetable ghee", angalia kama hawakutia ladha ya siagi iliyotoka kwenye maziwa.

Hatua ya 6: Mkate, biskuti na vitu vya asubuhi

Boflo nyeupe ya kawaida mara nyingi ni unga, maji, sukari, mafuta ya mimea, hamira na chumvi. Ikiwa imeandikwa "milk" ama "butter" mahali popote mbele basi iache, na buns za baga mara nyingi zina maziwa ama yai la kupaka juu. Mikate ya kaunta ya bekari ndani ya supamaketi haina lebo kamili, hapo muulize anayeuza, na uulize kwa ukamilifu: "Samahani dada, hii mna maziwa, mayai ama siagi?" Ukiuliza tu "hii ni vigani?" utajibiwa ndio kwa upole na hakuna aliyeelewa.

Mahamri yaulizie pia. Ya asili ni unga, sukari, hamira, hiliki na tui, hayana neno, lakini siku hizi wengi watia maziwa ya unga ama majarini. Chapati hivo hivo, nyingi za mtaani ni mafuta tu, ila kwengine hupakwa samli. Chapati na paratha za frizi soma.

Weetabix ya kawaida ni ngano, shayiri, sukari kidogo, chumvi na vitamini. Oti tupu ni oti tupu. Zile za asubuhi zenye chokoleti na asali ziangalie. Milo ina maziwa. Kakao tupu ya mkebe haina, changanya na sukari na tui upate kinywaji kizuri sana cha jioni ya mvua. Jamu ziko sawa. Biskuti za tangawizi nyingi ziko sawa, Lotus Biscoff haina maziwa wala mayai, Oreo mara nyingi haina maziwa kwenye viambato lakini wenyewe wanaonya kuhusu chembe, ndo lile suala la "may contain" nililolieleza juu.

Siagi ya njugu ni rafiki mkubwa wa anayeacha siagi ya ng'ombe. Chagua yenye njugu na chumvi, nyingine zina asali. Na hapa naomba mnisikize, njugu karanga na mahindi hushika ukungu wenye sumu ya aflatoksini vikihifadhiwa vibaya kwenye joto na unyevu, na Mombasa tuna vyote viwili. Mwaka 2019 KEBS, shirika la viwango la Kenya, ilisimamisha aina kadhaa za siagi ya njugu na baadaye unga wa mahindi kwa sababu hiyo hiyo. Nunua yenye alama ya KEBS na tarehe ambayo haijakaribia kuisha, na njugu za kupima zikiwa zimekunjana, zina rangi ya ajabu ama zina uchungu, zitupe. Usizikaange ukidhani moto utatoa sumu, haitoki yote.

Hatua ya 7: Sosi na viungo

Kechapu, sosi ya pilipili, sosi ya soya, siki, nyanya ya kopo, achari ya embe, ukwaju, hizi kwa kawaida hazina shida. Mayonezi ina mayai. Sosi ya Worcester kawaida ina samaki, na "oyster sauce" ina chaza. Viungo vya mchuzi vya pakiti na vile vya mche, yani kyubu, vilivyoandikwa kuku ama ng'ombe vingine vina mafuta ya mnyama ndani na vingine ni ladha tu ya kutengeneza, kwa hivyo ni kusoma. Kusema kweli mtu wa Mombasa mwenye bizari nyembamba, bizari ya manjano, pilipili manga, hiliki, thomu na tangawizi hana haja ya mche wa kiwanda.

Hatua ya 8: Vitafunio

Krisps za muhogo zenye pilipili, korosho, njugu, chevda, bisi, tende, zabibu kavu, kashata za nazi, ubuyu, embe kavu, simsim. Hapa mtu wa Mombasa ana raha. Halua yetu hutiwa samli kwa kawaida, labania ina maziwa, kaimati wengine hukandia mtindi, ulizia. Jeli na zile peremende za kutafuna laini zina gelatine nyingi zake. Chokoleti nyeusi ya asilimia 70 kwenda juu mara nyingi ni kakao na sukari, lakini nyingine zina "milk fat", soma.

Hatua ya 9: Mboga usinunue supamaketi

Ama nunua kidogo tu. Ukiwa upande wa Nyali, Kisauni ama Bamburi nenda Kongowea, ukiwa kisiwani nenda Marikiti, mchicha, kisamvu, mabenda, biringani, nyanya, ndimu, ndizi, embe, muhogo, utapata kwa bei ya chini na bichi zaidi. Kitu kimoja tu cha frizi nachonunua supamaketi ni njegere, na tofu, ile ya maharagwe ya soya, ikiwa kuna ofa. Tofu ikamue maji, ikate vipande, ipake unga wa dengu wenye chumvi na bizari uikaange kama bajia.

Hatua ya 10: B12, usiiruke hii

Nimeona watu wakiacha vitu vyote vya mnyama kwa bidii halafu hili hawakuambiwa na mtu. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea kwa kiasi cha kutegemewa. Si kwenye mchicha, si kwenye kunde, si kwenye mwani. Mtu mzima ahitaji kama maikrogramu 2.4 kwa siku, kiasi kidogo sana, lakini ukikosa kwa muda mrefu waharibu damu na mishipa ya fahamu, ganzi ya mikono na miguu, kusahau sahau, uchovu usioisha. Mwili una akiba ya miaka kadhaa ndo maana mtu hudhani yuko sawa. Kwa hivyo nunua vyakula vilivyoongezwa B12, kama Marmite (ule mpako wa hamira), baadhi ya maziwa ya soya na nafaka za asubuhi, imeandikwa kwenye jedwali la nyuma, ama kitu rahisi zaidi nenda duka la dawa ununue vidonge vya B12. Mama mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo, ongea na daktari ama klinik kwanza, hilo halina mjadala.

Unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani Kenya lazima kisheria uongezwe vitamini na madini tangu 2012, chuma ikiwemo, kwa hivyo unga wa pakiti una faida yake juu ya ule wa kusagisha. Chumvi nunua yenye madini ya joto, karibu zote za pakiti ziko hivo. Chuma ya kunde na mboga huingia mwilini vizuri ukila na kitu chenye vitamini C, kamulia ndimu kwenye pojo, kula na kachumbari, maliza na chungwa ama embe. Chai nayo huzuia, kwa hivyo ile ya kuteremshia chakula ipe saa moja hivi.

Hatua ya 11: Kama nyumbani wengine wanakula kila kitu

Usipike sufuria mbili kila siku utachoka mwezi wa kwanza. Pika msingi mmoja usio na kitu cha mnyama, wali wa nazi, maharagwe, mboga, halafu anayetaka samaki akaange samaki wake pembeni kwa karai lake. Mafuta ya kukaangia samaki usiyarudishie bajia. Tenga kijiko na kibao chako kama ni muhimu kwako. Mkienda harusini na huna uhakika na pilau, kula nyumbani kwanza, halafu huko kuna kachumbari, ndizi, matunda na kuna viazi, na mwenye shughuli mwambie siku mbili tatu kabla, akina mama wanaopika hawana ugumu wa kukutilia sahani ya wali mweupe na mboga kabla samli haijamiminwa, ugumu ni kuwaambia wakati sinia zishapangwa.

Na zile pakiti ulizozizoea zisome upya kila baada ya miezi michache. Viwanda hubadilisha viambato bila kubadilisha picha ya mbele, mkebe wa majarini uliokua salama mwaka jana waeza kuwa na "whey" mwaka huu, na alama pekee ni ule mstari mdogo wa nyuma.